Machi Sita Kijijini: Sikukuu ya Uhuru wa Ghana Chini ya Milima ya Volta

Wengi wetu Afrika Mashariki tunaijua siku ya uhuru wa Ghana kwa picha moja. Ni usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1957, viwanja vya Old Polo Grounds, Accra. Kwame Nkrumah amesimama jukwaani na wenzake, kofia zimedariziwa herufi P.G., alama ya wahitimu wa gereza, na mbele yao umati umejaa mpaka jicho linapochoka. Anatangaza kwamba Ghana iko huru milele, kisha anaongeza kwamba uhuru huo hauna maana usipoungana na ukombozi wa Afrika nzima. Tanganyika wakati huo ilikuwa bado na miaka minne na miezi tisa ya kusubiri.

Machi Sita niliyoishuhudia mimi ilikuwa mbali na Accra. Ilikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, katika kijiji kilichoko kati ya Kpando na Hohoe, mkoa wa Volta, upande ambao milima inapanda kuelekea mpaka wa Togo. Kazi yangu huko ilikuwa kushirikiana na walimu wa madarasa ya chini katika ufundishaji wa kusoma. Nililala, nikala na kuoga kwenye nyumba ya familia moja ya Waewe, na watoto wa shule walinipa jina la Madamu Tanzania. Kijiji chenyewe sitakitaja, kwa sababu yale niliyoambiwa niliambiwa kama mtu wa nyumbani.

Sikukuu yenyewe ni ya siku moja, lakini kijiji kinaanza kuisherehekea katikati ya Februari. Jua likishapungua makali, mnamo saa tisa alasiri, ngoma ya besi inalia uwanjani na watoto wanatoka madarasani kwenda kupanga mistari. Ndipo kushoto-kulia, kushoto-kulia, mpaka vumbi jekundu linapanda magotini. Mwalimu wa michezo ana filimbi shingoni na fimbo mkononi, na fimbo hiyo haimchapi mtu, anaitumia kupima umbali kati ya mtoto na mtoto. Anayechelewa kugeuka anatolewa mstarini anafanya peke yake mbele ya wenzake mara tatu, nne, mpaka mguu ukubali. Nimekulia Lindi, nimeona halaiki na chipukizi wakifanya mazoezi kwa ajili ya sherehe za kitaifa, kwa hiyo najua jasho la kazi hiyo. Kilichonishangaza ni watazamaji. Kila jioni akina mama waliotoka shambani walitua vikapu vyao vya mihogo kando ya uwanja wakakaa kutazama. Hawakuwa wakipita tu. Walikuwa wakikagua.

Ili mtu aelewe kwa nini, inafaa ajue kwamba kijijini pale kuna shule mbili za msingi za zamani. Moja inaitwa E.P., ya kanisa la Kipresbiteri la Kiinjili, lililozaliwa na wamisionari wa Bremen walioanza kazi miongoni mwa Waewe tangu mwaka 1847. Nyingine inaitwa R.C., ya Wakatoliki. Serikali ndiyo inayolipa walimu wa shule zote mbili, mtaala ni mmoja, sare ni moja. Lakini ukimwuliza mzee wa miaka sabini alisoma wapi, atakujibu E.P. au R.C. kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake. Siku ya Machi Sita shule hizo mbili, pamoja na za vijiji vya jirani, hupita mbele ya chifu na wazee, waamuzi wakatoa alama, na mshindi akaondoka na kombe la bati. Kombe hilo hukaa kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu mwaka mzima. Mwaka niliokuwa pale lilikuwa kwa E.P., na kwa R.C. huo ulikuwa mwaka mrefu.

Jioni ya tarehe 5 hakuna nyumba iliyokuwa na nafasi ya mambo mengine. Kwenye nyumba yangu kulikuwa na wanafunzi watatu, wajukuu wa mama mwenyeji wangu. Sare zilikuwa zimefuliwa tangu asubuhi: mashati ya manjano, kaptula na sketi za kahawia, rangi za shule za serikali kwa miaka mingi. Soksi nyeupe ziliwekwa kwenye karai na bluu ya kufulia, zikachujwa, zikaloweshwa tena. Mama alikuwa na pasi ya mkaa, ile nzito yenye kichwa cha jogoo kwenye kifungio, na kila baada ya shati moja aliipeleka uani kuipepea moto ushike upya. Alitandika blanketi juu ya meza, akanyunyiza maji kwa ncha za vidole, akaibonyeza mikunjo ya mikono mpaka ikasimama wima. Mjukuu wake wa kiume, wa darasa la nne, alikuwa na raba moja tu, nayo ilikuwa imechanika upande wa kidole kidogo. Mama aliishona kwa uzi mweusi, kisha akachukua chaki aliyoletewa kutoka shule, akailowesha, akapaka juu ya mshono mpaka ukapotea. Akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akaipaka tena. "Chifu hatatazama viatu," mtoto alisema. "Mimi nitatazama," bibi yake akamjibu.

Chini ya mwembe kinyozi alifanya kazi mpaka saa nne usiku. Wasichana wa shule za msingi na sekondari huko hukata nywele fupi kama wavulana, na usiku huo foleni ya vichwa ilikuwa ndefu.

Waswahili tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kule mbiu ni chuma, kengele ya mikono iliyofuliwa na mhunzi, na mpigaji huzunguka nayo alfajiri mtaa kwa mtaa. Saa kumi na moja alipita chini ya dirisha langu akitangaza kwa Kiewe kwamba kila nyumba ifagie mbele yake, kwamba asiende mtu shambani, na kwamba wageni wamekwisha kuanza kuingia. Saa moja asubuhi kijiji chote kilikuwa na alama za ufagio kwenye udongo. Vijana walikuwa wamesimamisha lango la makuti ya mchikichi kwenye njia ya kuingilia uwanjani, na bendera ya nchi ilikuwa imefungwa kwenye mlingoti wa mwanzi: nyekundu, dhahabu, kijani, na nyota nyeusi katikati. Bendera hiyo ilibuniwa na mwanamke, Theodosia Okoh, na nilifurahi kwamba msichana wa darasa la sita aliyepewa kazi ya kuipandisha alilijua jina hilo na akalitaja mbele ya watu bila kusoma popote.

Turubai zilikuwa tatu, viti vya plastiki vilikodiwa kutoka mji wa jirani, na kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Hili nilitaka kulijua kwa sababu kwetu sherehe kama hizi mara nyingi hushuka kutoka juu, na mtu wa kijijini anaambiwa tu saa ya kufika. Nilimwuliza katibu wa kamati. Alifungua daftari. Kila nyumba ilikuwa imechangia kidogo kwa jina lake. Wana wa kijiji walioko Accra na Tema walituma fedha za turubai na maji ya mifuko. Mwenye mashine ya kusaga alitoa dizeli ya jenereta. Fundi cherehani alishona glovu nyeupe za viongozi wa gwaride bila kulipwa. Mjumbe wa baraza la wilaya alileta mipira miwili ya miguu kuwa zawadi, na hiyo ndiyo fedha pekee ya kiserikali niliyoiona kwenye daftari lile, nayo ilitoka mfukoni mwake.

Chifu aliingia saa tatu kasoro, chini ya mwavuli mkubwa, amejitanda kitambaa cha kente kilichofumwa kwa nyuzi za bluu na dhahabu. Wazee wa kiume pale huitwa Togbe, na chifu ni Togbe pia. Mtu hasemi naye moja kwa moja. Kuna msemaji wake, tsiami, ambaye hupokea maneno ya mgeni, akayafikisha kwa chifu hata kama chifu ameketi hatua mbili tu na amekwisha kuyasikia, kisha akaleta jibu. Nilipotambulishwa, salamu zangu za kutoka Tanzania zilipita njia hiyo, na zilipomfikia Togbe zilikuwa zimeongezeka urefu na uzuri. Kisha tsiami alimimina kinywaji ardhini akiwaita waliotangulia mmoja mmoja, na baada ya kila jina kundi la wazee liliitikia kwa pamoja. Mchungaji wa E.P. na padri walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wakasubiri zamu yao, wakaomba nao. Hakuna aliyeona tatizo katika mfuatano huo.

Wimbo wa taifa ukaimbwa. Tuni yake ilitungwa na Philip Gbeho, mwana wa Keta, mtu wa kabila la Waewe kutoka pwani ya mkoa huohuo, na watu wa Volta wanalijua hilo vizuri sana. Waliimba kwa sauti nne, wanaume kwa wanawake, kama kwaya iliyofanya mazoezi, ingawa hakuna aliyewapanga. Watoto wakasema kiapo cha utii kwa nchi, mkono wa kulia kifuani.

Halafu gwaride.

Sijui niliandikeje ili msomaji alione. Bendi ilikuwa ngoma ndogo tatu, besi moja yenye ngozi iliyowekewa viraka viwili, na filimbi. Shule ya kwanza ilitoka kijiji cha jirani, watoto thelathini hivi, na walipofika mbele ya turubai la chifu kiongozi wao akapaza sauti, vichwa vyote vikageuka kulia kwa wakati mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa wale mama wa jioni walikuwa wakikagua nini. Walimjua kila mtoto, walijua nani alisumbuliwa na mguu wa kushoto wiki iliyopita, na mguu huo ulipokanyaga sawasawa walipiga kelele kwa jina lake.

Kiongozi wa gwaride wa R.C. alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, mwembamba, shingo ndefu, mkononi ana upanga wa mbao uliopakwa rangi ya fedha. Alitembea mbele ya wenzake hatua sita. Mguu wake ulipanda mpaka usawa wa kiuno, ukasimama hewani kwa muda ambao nilishika pumzi, kisha ukashuka bila kishindo. Glovu zilimzidi vidole. Alipoinua upanga usoni kumsalimu chifu, mkono haukutikisika hata kidogo, lakini niliona koo lake likimeza mate. Uwanja ulilipuka. Mwanamke mmoja alitoka mbio, akavua khanga yake ya juu, maana kwa kweli ni kitambaa kama khanga zetu, akaitandika chini mbele ya miguu ya yule msichana apite juu yake. Mwingine alikuja na kopo la poda nyeupe akammwagia shingoni na mabegani, kama wanavyompaka poda mtu aliyeshinda kesi au aliyefaulu mtihani. Mzee mmoja akambandika noti kwenye paji la uso, ikashikwa na jasho. Msichana hakutabasamu, hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, poda inamtiririka pamoja na jasho, noti kwenye paji, mguu unapanda na kushuka.

E.P. walipita baada yao na walipita vizuri sana. Lakini kila mtu alijua.

Jua la Machi mkoa wa Volta halina huruma, na watoto wawili walizimia. Wauguzi wa zahanati walikuwa tayari na maji ya glukosi, wakawalaza kivulini, na mmoja wao alipopata fahamu kitu cha kwanza alichouliza ni kama shule yake ilikuwa imekwisha kupita. Hotuba ya rais ilisomwa na mjumbe wa baraza la wilaya kwa Kiingereza, mwalimu mmoja akaitafsiri kwa Kiewe. Ilikuwa ndefu. Watu waliisikiliza kwa heshima huku wauza bofrot, ndugu wa damu wa maandazi yetu ila haya ni mviringo, wakipita kimyakimya katikati ya mistari na beseni kichwani.

Nilikaa karibu na mzee mmoja aliyekuwa akipiga makofi kwa kila shule bila ubaguzi. Alizaliwa mwaka 1947, alikuwa mwalimu, sasa amestaafu na ana shamba la kakao mlimani. Nilimwuliza, kwa adabu niliyofundishwa, yeye siku ya uhuru wenyewe, mwaka 1957, alikuwa wapi.

"Shambani," akasema. "Baba alituamsha kabla ya jogoo, akachukua panga, akasema leo hatukai mjini. Tulishinda kule siku nzima. Jioni tukasikia ngoma zinatoka mbali, mama akasema hizo ni za Accra. Nilikuwa na miaka kumi. Niliamini kabisa kwamba ngoma za Accra zinaweza kusikika mpaka kwetu."

Nilijua sababu kwa kusoma, lakini sikuwa nimewahi kukaa na mtu ambaye sababu hiyo ilikuwa baba yake. Eneo lile halikuwa sehemu ya Gold Coast, koloni la Waingereza lililokuja kuitwa Ghana. Lilikuwa ndani ya Togo ya Wajerumani, koloni lililoanzishwa 1884, kama kwetu kulivyoingia mikononi mwa Wajerumani mwaka uliofuata. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka, Togo ilianguka ndani ya Agosti 1914, kisha Waingereza na Wafaransa wakaigawana, na mstari wao ukapita katikati ya Waewe. Askari Alhaji Grunshi, anayehesabiwa kuwa wa kwanza katika jeshi la Uingereza kufyatua risasi nchi kavu katika vita hivyo, alifyatua huko Togo, na baadaye alipelekwa kupigana Afrika Mashariki. Kikosi cha Gold Coast kilipigana katika ardhi ya kwetu mwaka 1917, upande wa Kilwa na Lindi. Vita vilivyolikata kabila la mzee yule vipande viwili viliishia kwenye mashamba ya babu zangu.

Baada ya vita vya pili Togo ya Waingereza ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, hali ileile ya Tanganyika. Nyerere alikwenda New York kwenye Baraza la Udhamini mwaka 1955. Kabla yake, mwaka 1947, alikuwa amekwenda Sylvanus Olympio, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Togo, kuwasemea Waewe waliotaka kuunganishwa tena. Gold Coast ilipokaribia uhuru, watu wa Togo ya Waingereza waliulizwa kwa kura ya maoni tarehe 9 Mei 1956: mnaungana na Gold Coast huru, au mnajitenga na kubaki chini ya udhamini? Kura 93,095 zilisema kuungana, 67,492 zilisema kujitenga. Kaskazini ndiko kulikotoa ushindi. Kusini, wilaya za Ho na Kpando, wengi walikataa. Hesabu ikafanywa kwa eneo zima, Umoja wa Mataifa ukaridhia, na tarehe 6 Machi 1957 watu hao wakaamka wakiwa raia wa Ghana. Hata tarehe yenyewe haikuwa yao: Nkrumah aliichagua kwa sababu ya mkataba ambao machifu wa Kifante walitia saini na Waingereza tarehe 6 Machi 1844, huko pwani, mbali na milima hii. Wiki hizo za uhuru kulitokea vurugu Alavanyo na Kpando, na serikali ilituma askari.

"Baba yako alipiga kura ya kujitenga," nilimwambia mzee.

"Alipiga. Alikuwa na dada yake Kpalimé, upande wa Wafaransa. Alitaka kwenda kumwona bila kuulizwa karatasi." Kpalimé hata leo si mbali, unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. "Lakini ngoja. Mwaka uliofuata mwalimu wetu alinichagua kubeba bendera ya shule siku ya Machi Sita. Niliogopa kusema nyumbani. Nikasema siku mbili kabla. Baba akanyamaza, kesho yake akaenda sokoni Kpando kwa miguu akaninunulia viatu. Vya kwanza katika maisha yangu. Nikamwuliza, Fofo, si ulikataa? Akaniambia: mimi nilipiga kura yangu nikashindwa. Wewe hujapiga kura bado, kabebe bendera yako."

Nilimwuliza kama baba alikuja uwanjani siku hiyo. Mzee akanyoosha kidole kuonyesha mti wa mwembe ulioko nyuma ya choo cha shule, mita mia hivi kutoka tulipokaa. Alisimama pale, akasema, mpaka shule ilipopita.

Yeye mwenyewe kila tarehe 27 Aprili huvuka mpaka kwenda Kpalimé kwa watoto wa shangazi yake, kusherehekea uhuru wa Togo wa mwaka 1960. Hakuona sababu ya kuchagua. Mkoa ule katika miaka ya mwisho ya ukoloni uliitwa Trans-Volta Togoland, leo unaitwa Volta, na suala la nani aliingizwa Ghana kwa ridhaa ya nani bado linazungumzwa, wakati mwingine kwa hasira. Watu wamefungwa kwa ajili yake. Siwezi kusema kwamba gwaride la watoto limelimaliza. Ninachoweza kusema ni nilichokiona: mtoto wa mtu aliyekimbilia shambani amekaa mstari wa mbele anapiga makofi, na anajua vizuri kabisa anachokipigia makofi. Ni wajukuu wake wale. Uwanja ule alifundisha juu yake miaka mingi. Nchi ilimjia bila kumwuliza baba yake sawasawa, naye ameifanya kuwa yake kwa kazi ya mikono.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza sana kuhusu 9 Desemba yetu. Mwaka 2015 sherehe zilifutwa na siku ikafanywa ya usafi. Mwaka 2022 zilifutwa tena, fedha zikaelekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Siwezi kubishana na bweni la mtoto. Lakini angalia jinsi uamuzi huo ulivyowezekana: mtu mmoja anasema hakuna sherehe, na nchi nzima haina sherehe, kwa sababu sherehe ilikuwa uwanja mmoja. Vijijini tulikuwa tunaisikiliza redioni. Kinachotufikia sisi kwa miguu ni Mwenge wa Uhuru, na naupenda Mwenge, nimeukimbilia barabarani nikiwa mtoto, lakini Mwenge ni mgeni, unapokelewa na kuagwa. Ghana nako, mwaka 2025, sherehe ya kitaifa ilipunguzwa ikafanyika kwenye viwanja vya ikulu. Niliwapigia simu wenyeji wangu kuuliza kijijini imekuwaje. Hawakulielewa swali. Gwaride limefanyika, wakasema, kwani lisifanyike kwa nini?

Ningependa sana kuona jambo kama hilo Nachingwea, Liwale, Kilwa Kivinje. Shule mbili, ngoma yenye viraka, kombe la bati. Wazee waliozaliwa kabla ya 1961 bado tunao, ingawa kila mwaka wanapungua, na hawajakaa mbele ya watoto wakaulizwa siku ile walikuwa wapi.

Matokeo yalitangazwa saa saba mchana. R.C. waliongoza kwa alama tatu. Mwalimu mkuu wa E.P. alimpa mkono mwenzake, kisha akaenda kwa waamuzi kuomba aone karatasi, na hiyo ni haki yake. Watu wakatawanyika kwenda kula. Nyumbani kwetu kulikuwa na akple ya moto na mchuzi wa bamia wenye dagaa na kaa, na yule mjukuu wa raba iliyoshonwa alikula akiwa bado amevaa soksi, amekataa kuzivua.

Usiku ukawa wa borborbor. Ngoma hii ilizaliwa Kpando, mwishoni mwa miaka ya 1940, katika joto la siasa za kudai uhuru, na mwanzilishi wake anayetajwa ni Francis Cudjoe Nuatro. Nkrumah aliipenda, vikundi vyake vikawa vinatumbuiza kwenye safari zake, hata watu wakaiita borborbor ya Nkrumah. Kwa hiyo katika wilaya hiyohiyo iliyoikataa kura yake, ndimo ilimotoka ngoma ya kumchezea. Wapigaji wanakaa katikati na ngoma ndogo zinazoongea haraka, kijana mmoja anapuliza tarumbeta la kijeshi, na wachezaji wanazunguka duara, mgongo umeinama, kila mwanamke ana vitambaa viwili vyeupe mikononi. Vitambaa vinapanda na kushuka kwa pamoja, na gizani unaviona vyenyewe kabla ya kuwaona walioshika.

Mama mwenyeji wangu alinipa vitambaa viwili, akaniingiza duarani mbele yake ili anirekebishe mabega kwa mkono. Saa tano jenereta ilizimika kwa kukosa dizeli. Vijana wakaanza kuchanga, wapigaji hawakusimama. Yule mzee alikuwa ameketi karibu na ngoma, akiomba wimbo huu na ule, na kila alipopewa alioutaka aliinuka kuzunguka raundi moja na kurudi kiti chake. Kisha watu wa R.C. wakaingia na kombe lao kichwani mwa yule msichana wa upanga, ambaye sasa alikuwa anacheka mpaka ufizi unaonekana, na poda bado imemganda shingoni. Akina mama wa E.P. waliwapokea kwa wimbo walioutunga palepale, wa kuwaambia wasilipigilie misumari hilo kombe kabatini, mwaka ujao linarudi nyumbani. R.C. wakajibu kwa ubeti wao. E.P. wakaongeza. Ilipofika saa nane usiku walikuwa bado wanajibizana, duara limekuwa mara mbili, na mpiga tarumbeta amepokewa na mdogo wake.